Barua ya wazi: Mvua, maafa na maradhi viandikwe kwa siku na kwa shehia

Kwa Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais, inayosimamia maafa. Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, inayosimamia mazingira. Wizara ya Afya. Ofisi ya hali ya hewa Zanzibar. Na Wakuu wa Mikoa yetu mitano.

Yah: Kuunganisha rekodi za mvua, maafa na maradhi

Waheshimiwa,

Assalamu alaikum.

Tunaandika tukiwa watu wa takwimu na utafiti wa afya, Unguja na Pemba. Ombi letu ni moja, na tunaliweka mwanzo lisije likapotea humu ndani: kila mvua inayopimwa, kila nyumba inayoingia maji na kila mgonjwa anayepokelewa kituoni viandikiwe siku ya tukio na namba ya shehia, yaani eneo dogo kabisa la utawala wetu, lililo chini ya sheha. Bila ya mambo hayo mawili, utafiti wowote wa tabianchi na afya katika visiwa hivi utaishia kwenye neno "huenda", nanyi hamuwezi kupanga bajeti kwa "huenda".

Kinachojulikana si kidogo. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliochukua takwimu za kipindupindu za Zanzibar za 1997 hadi 2006 na kuziweka pamoja na joto na mvua. Ulikuta kwamba joto likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, wagonjwa huongezeka mara 2 baada ya miezi 4. Na mvua ikizidi kwa milimita 200, wagonjwa huongezeka mara 1.6 baada ya miezi 2. Hiyo ni kazi ya thamani na tunaitegemea hadi leo. Lakini ilifanywa kwa jumla za mwezi, kwa sababu ndizo zilizokuwepo. Aliyekunywa maji yenye vimelea vya kipindupindu huanza kuharisha ndani ya saa chache hadi siku 5. Kwa hiyo miezi 2 haiwezi kuwa safari ya kimelea mmoja kutoka mtaroni hadi tumboni. Hapo katikati karo limefurika, kisima kimeingiwa na maji ya juu, mtu wa kwanza ameugua, kisha watu wa nyumba yake, kisha waliokuja mazikoni wakala na kunywa. Jumla ya mwezi inaufunika mlolongo wote huo. Tunabaki tukijua kwamba mvua na kipindupindu hufuatana, bila ya kujua ni wiki gani na shehia gani gari la klorini lingefika likawahi.

Siku ndiyo inayoharibika kwanza. Mvua husomwa saa 3 asubuhi, na maji yanayokutwa ndani ya kipimo ni ya saa 24 zilizopita. Mvua iliyonyesha Jumatatu mchana inaandikwa Jumanne. Kama buku halisemi tarehe hiyo ni ya kusoma au ya kunyesha, tayari tumepoteza siku moja. Sheha naye ataripoti kwamba nyumba ziliingia maji "usiku wa Ijumaa". Kwa hesabu yetu ya asili, ambayo siku huanza magharibi, huo ni usiku unaofuata Alkhamisi. Kwa kijana anayejaza fomu kwenye kompyuta ni usiku wa kuelekea Jumamosi. Siku nyingine hiyo imepotea. Halafu kituo cha afya kinaandika siku mgonjwa alipofika, si siku alipoanza kuharisha. Baada ya mafuriko pengo kati ya siku hizo mbili hutanuka: wa jirani hufika siku ile ile, na wa Kisiwa Panza husubiri bahari itulie ndipo avuke. Makosa haya hayafutani kwa kuwa mengi. Yanavutana kila moja upande wake, na mchoro wa mvua na wagonjwa unakuwa ukungu mtupu hata pale ambapo uhusiano upo wazi.

Dawa yake haina gharama. Buku la mvua liwe na tarehe na saa ya kusoma. Fomu ya maafa itumie maneno "usiku wa kuamkia" pamoja na saa. Buku la wagonjwa liwe na safu mbili za tarehe, ya kuanza kuumwa na ya kufika. Na popote kompyuta inapotumika, tarehe ianze na mwaka: 2025-05-04. Ukiandika 4/5/2025, kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani itaisoma kuwa tarehe 5 Aprili, na hakuna atakayegundua mpaka mtafiti ashangae kuona wagonjwa wamekuja kabla ya mvua.

Mahali nako kuna mitego yake. Mgonjwa akiulizwa anakaa wapi atasema "Mwanakwerekwe", jina ambalo kwa watu wengi ni pamoja na soko, bwawa na mitaa kadhaa. Mvuvi aliyekwenda dago atataja kwao, ilhali maji aliyoyanywa ni ya kambini. Mchumaji wa karafuu aliyetoka Unguja ataandikwa wa Unguja ingawa ameugua akiwa Wete. Kwa maradhi ya kuharisha swali lenye faida ni hili: umelala wapi siku 5 kabla ya kuumwa? Kwa malaria ni wiki mbili hadi tatu nyuma, na safari ya Bara iulizwe pia. Majibu yaandikwe kwa namba za shehia zilizotumika katika Sensa ya 2022, si kwa majina tu, maana majina hujirudia na tahajia hubadilika kwa kila mkono. Shehia ikigawanywa, pawe na jedwali moja la serikali linaloonesha namba ya zamani imezaa zipi. Mtafiti asiachiwe kukisia.

Hili si jambo la kuagiza kutoka ng'ambo. Kwa malaria tumeliweza kwa zaidi ya miaka kumi: mgonjwa akithibitika, taarifa hupelekwa kwa simu, afisa hufuatilia hadi nyumbani kwake, watu wa nyumba hupimwa, na safari zake huulizwa. Mwaka 2009 chanjo ya kunywa ya kipindupindu ilitolewa katika maeneo 6 ya mjini na shamba, Unguja na Pemba. Watu 23,921 walikamilisha dozi mbili, na wataalamu waliweza kukokotoa kwamba aliyechanjwa alipata kinga ya asilimia 79. Hesabu hiyo ilipatikana kwa sababu ilijulikana nani amechanjwa, anakaa wapi na aliugua lini. Kinachokosekana ni kuufanya uangalifu huo uwe desturi ya kila kituo, si wa mradi unaokuja na kuondoka na fedha zake.

Tunaombwa mara kwa mara tutumie takwimu za kimataifa ili kuepusha gharama. Tunazitumia, na tunataka mjue zinapoishia. Kanzidata ya maafa ya EM-DAT, inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Louvain cha Ubelgiji, huliingiza tukio likitimiza angalau sharti moja kati ya haya: vifo 10 au zaidi, walioathirika 100 au zaidi, kutangazwa hali ya dharura, au kuombwa msaada wa kimataifa. Mafuriko yaliyobomoa nyumba 12 na kuharibu visima 3 katika bonde moja la Pemba hayaingii. Yanayoingia yanaandikwa chini ya Tanzania. Kwa dunia, basi, maafa madogo madogo ya kila Masika hapa kwetu hayakutokea, na hayo ndiyo yanayowachosha watu wetu.

Upande wa hali ya hewa ni vivyo hivyo. Takwimu zinazotumiwa sana na watafiti, zile zinazokokotolewa kwa kompyuta kubwa, huigawa dunia katika miraba ya robo nyuzi ya latitudo na longitudo, yaani kama kilomita 28 kila upande katika latitudo zetu. Pemba ina upana wa kama kilomita 22. Mraba mmoja unachukua kisiwa kutoka ufukwe hadi ufukwe na bahari juu yake, kisha unatoa namba moja ya mvua kwa wote. Zipo takwimu za setilaiti zenye miraba ya kilomita 5 na kitu, ambazo ni bora zaidi, ila nazo hurekebishwa kwa vipimo vya ardhini. Pasipo na kipimo, setilaiti nayo inakisia. Aliyewahi kukaa Wete mvua ikimwagika huku Chake jua likiwaka anajua kwa nini tunalalamika.

Kwa hiyo tunaomba vipimamvua vya mkono, vya kawaida kabisa, katika skuli na vituo vya afya. Kuviweka kuna masharti. Kipimo kikae mbali na kizuizi angalau mara 2 ya urefu wake: mnazi wa mita 15 unataka mita 30. Kisiwekwe chini ya dari la mabati wala karibu na ukuta unaorusha matone. Vile vidogo vya plastiki hujaa wakati wa mvua kubwa, na maji yakishamwagika, mvua iliyokuwa muhimu kuliko zote ndiyo imepotea. Siku kama hizo kisomwe mara mbili na jumla iandikwe. Na la mwisho, ambalo tungependa liandikwe kwa wino mwekundu kwenye jalada la buku: sifuri ni kipimo, nafasi tupu si kipimo. Siku ambayo haikunyesha iandikwe 0. Siku ambayo msomaji hakuja iandikwe "haikusomwa". Tukichanganya viwili hivi, mwalimu akienda likizo Aprili kompyuta itaona ukame katikati ya Masika.

Kanuni hiyo hiyo ni ya vituo vya afya, na huko ina hatari zaidi. Njia ikikatika na umeme ukizimika, ripoti huwa haziji. Kwenye mchoro wagonjwa wanashuka katika wiki ile ile ya mafuriko, kisha wanapanda ghafla wiki mbili baadaye. Asiyejua atasema mafuriko hayakuleta maradhi. Kila wiki ielezwe ni vituo vingapi vimeripoti kati ya vinavyotakiwa, na kila kituo kiwe na fomu za karatasi za nakala mbili kwa siku ambazo mtandao haupo. Maabara nayo iseme imefanya nini: mlipuko ukishathibitishwa, ni kawaida kuacha kuotesha vimelea kutoka kinyesi cha kila mgonjwa, na hapo "waliothibitishwa" hupungua bila ya ugonjwa kupungua. Waliodhaniwa, waliopimwa na waliothibitishwa viwe safu tatu, na hata siku moja visijumlishwe kuwa safu moja.

Jambo jingine ambalo tafiti za bara hazitufundishi ni bahari. Katika bandari ya Unguja tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, hufikia kama mita 4. Mtaro unaomwaga pwani hufanya kazi vizuri maji yakipwa. Yakijaa kwa bamvua, mdomo wake umezibwa na bahari, na mvua ambayo juzi ilipita salama leo inarudi barazani. Milimita 80 za usiku wa maji mafu na milimita 80 za usiku wa bamvua hazileti balaa sawa. Mwezi wenyewe unatuambia mapema: bamvua huja siku chache baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na majedwali ya maji hujulikana mwaka mzima kabla. Onyo la mvua kubwa likiangukia siku za bamvua lipewe uzito wa juu zaidi kwa shehia za pwani, na fomu ya maafa iwe na kisanduku kimoja cha kuandika maji yalikuwaje. Hatujui kisanduku kingine chenye faida kubwa kwa wino mdogo kama huo.

Maji ya kunywa tunayatolea nafasi zaidi, kwa sababu ndiko mvua inakogeuka kuwa maradhi. Baada ya nyumba kuingia maji, sampuli za visima zichukuliwe ndani ya saa 72, kabla ya klorini kumwagwa. Mara nyingi mpangilio hupinduka: visima vinatiwa dawa kwanza, vinapimwa baadaye, vinaonekana salama, na hatujui tena vilichafuka vipi wala vingapi. Chupa iwe safi kabisa, ya mililita 100 au zaidi, yenye sodiamu thaiosalfeti ya kuua klorini iliyobaki. Iwekwe kwenye sanduku la barafu, na ifike maabara ndani ya saa 6, zikizidi sana 24. Pemba ina bahati ya kuwa na maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, lakini sampuli ya kisiwani inategemea barafu na chombo, na barafu ndiyo hukosekana. Sampuli iliyopikwa na jua ndani ya mashua haisemi kweli, bora isichukuliwe. Mahali hapo pafaa kifaa cha kupimia papo hapo. Kisima kikishatibiwa, klorini iliyobaki ipimwe pale pale kwenye mfereji au ndoo ya mtumiaji: 0.2 hadi 0.5 ya miligramu kwa lita. Maji yakiwa na tope, klorini huliwa na tope; yachujwe au yatulizwe kwanza, la sivyo dawa inamwagwa bure.

Ardhi nayo iandikwe. Mashariki na kusini mwa Unguja ni nchi ya mawe ya matumbawe yenye nyufa, na maji ya chooni husafiri ndani yake haraka kuliko kwenye udongo. Ile kanuni ya mita 30 kati ya choo na kisima ilikusudiwa udongo unaochuja. Makunduchi au Jambiani mita 30 si dhamana, na mtafiti atakayeziweka Jambiani na Chake katika kapu moja atapata wastani usiofanana na pahala popote.

Kuna ugonjwa mwengine wa tabianchi ambao hauji na mafuriko wala hautangazwi redioni. Ni chumvi. Huko Dacope, kusini magharibi mwa Bangladesh, watafiti waliwapima wajawazito wanaokunywa maji ya pwani na kukuta kuwa kadiri chumvi ya maji inavyozidi ndivyo presha ya mimba na dalili za kifafa cha mimba zinavyoongezeka. Visima vyetu vya pwani vinabadilika ladha na watu wanasema. Kila mjamzito anayekwenda kliniki anapimwa presha na kuandikwa. Kipimo kipo tayari, kimekaa kwenye buku. Kinachohitajika ni mtu wa maji kupita na kifaa cha kupimia chumvi, kisichozidi ukubwa wa kalamu, mara mbili kwa mwaka: mwisho wa Kaskazi kabla ya mvua, na baada ya Masika, wakati maji yamejaa. Namba ya kisima, namba ya shehia, tarehe. Baada ya miaka 3 tutaweza kuwaambia kama tuna tatizo la Bangladesh au hatuna. Leo hatuwezi kusema lolote.

Tuwe wakweli pia kuhusu neno lenyewe la mabadiliko ya tabianchi. Mafuriko mamoja hayathibitishi kitu. Vuli ya 2019 ilikuwa kali Afrika Mashariki kwa sababu Bahari ya Hindi ya magharibi ilikuwa na joto kupita kiasi kulinganisha na mashariki yake, na mtikisiko wa aina hiyo ulikuwepo tangu zamani. Suala la kitaalamu ni kama unazidi nguvu. Kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia mwezi Mei 2024, lakini kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja kabla ya moshi wa viwanda kuwa hoja. Nyumba iliyojengwa katika njia ya maji itaingia maji hata kwa mvua ya kawaida, na hilo ni suala la vibali vya ujenzi. Kutenganisha haya kunataka mfululizo wa mvua za kila siku kwa miaka 30 au zaidi. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zinahifadhi ripoti za idara za zama za ukoloni, za kilimo na za matibabu. Karatasi hizo zinazeeka. Vijana 4 wenye kamera na ratiba nzuri wangepiga picha kurasa za mvua na maradhi ndani ya mwaka mmoja, na watafiti wa dunia nzima wangekuja kwetu kuziomba.

Tukija kwa watafiti wenyewe, na sisi tumo, kibali cha utafiti kiwe na sharti lenye meno. Ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza, takwimu zilizosafishwa zirudi Zanzibar pamoja na maelezo ya kila safu, na muhtasari wa kurasa 2 kwa Kiswahili upelekwe kwa sheha wa kila shehia iliyohusika. Majina ya wagonjwa yasitoke kituoni. Shehia zetu ni ndogo na watu wanajuana, hivyo jedwali lolote la wazi lenye wagonjwa chini ya 5 katika kisanduku liandikwe "chini ya 5", hasa kwa maradhi yanayoleta aibu. Ofisi zinazogoma kutoa takwimu kwa kuhofia siri za watu zina hoja, na jibu lake ni kanuni hizi zilizoandikwa, zisizotegemea nani anamjua nani.

Mpango wa Zanzibar wa kutokomeza kipindupindu ulianza 2018 na unakwisha 2027. Utakaofuata utaandikwa na ninyi, na mezani pake itatakiwa hesabu ya nini kilifanya kazi wapi. Tunaomba fomu tatu, ya mvua, ya maafa na ya wagonjwa, zikae juu ya meza moja kabla ya Masika ijayo, zitiwe safu ya tarehe ya tukio na safu ya namba ya shehia, na zijaribiwe katika wilaya moja ya Unguja na moja ya Pemba kwa msimu mmoja. Kwa Pemba tunapendekeza Mkoani, kwa sababu ina visiwa, mabonde na pwani ndani ya wilaya moja, na palipo na ugumu ndipo fomu itakapoonesha inapovuja. Mwenye jukumu la kuziunganisha awe mtu mmoja mwenye cheo na jina, si kamati. Sisi tuko tayari kukaa na makarani na masheha kuwafundisha, na tutakuja na vipimamvua vya mfano tukiitwa.

Wenu katika kazi,

Watafiti na watunza takwimu za afya,
Unguja na Pemba